Mchuma Chai na Kadi ya Chama

Mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Bomet yamebadilisha wenyewe mara kadhaa, na wachumaji hawakuulizwa. Brooke Bond iliingia Kericho miaka ya 1920, katika ardhi ambako serikali ya kikoloni iliwafurusha Wakipsigis na Watalai. Unilever ikainunua Brooke Bond mwaka 1984. Mwaka 2022 biashara hiyo ikaenda kwa CVC, kampuni ya uwekezaji ya Ulaya, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mashamba ya Kenya yanauzwa kwa Browns Investments ya Sri Lanka, ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imeshayachukua mashamba ya kampuni ya James Finlay. Kwa sababu hiyo, naamini mfanyakazi wa huku anayejiuliza kama ajiunge na chama cha kisoshalisti cha kidemokrasia, yaani kinachotaka wanaofanya kazi wawe na sauti katika umiliki na ushindi upatikane kwa kura, hapaswi kuchekwa. Anauliza swali linalomhusu kuliko yale anayoulizwa kila msimu wa kampeni.

Wengi watamwambia kwamba chama cha wafanyakazi kinatosha. KPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba, kinafanya kazi ya lazima: kinajadiliana na waajiri kuhusu malipo ya kilo, nyumba na likizo. Mchumaji anayebeba kikapu mgongoni, akachuma majani mawili na kichipukizi, kisha akapanga foleni mzanini huku akihofia kilo zitakazokatwa kwa ajili ya gunia, anajua thamani ya shilingi moja iliyoongezwa. Lakini ilipokuja mashine ya kuchuma, kilo ya mkono ilianza kukosa wa kuilipia. Mei 2023 waandamanaji waliteketeza mashine Kericho. Hasira hiyo ilieleweka, ila moto hautungi sera. Nani afaidike mashine inapopunguza kazi, ardhi ikodishwe kwa masharti gani, kodi iende wapi: hayo huamuliwa Bungeni na katika kaunti. Ushahidi upo. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, ilikomesha mikataba ya ardhi ya miaka 999 kwa wasio raia na kuweka ukomo wa miaka 99. Mabadiliko hayo hayakutoka kwenye meza ya mishahara. Yalitoka kwenye siasa.

Na siasa za huku zimekuwa za kumfuata kiongozi. Kura nyingi za eneo hili zilikwenda kwa chama cha ODM mwaka 2007, URP mwaka 2013, Jubilee mwaka 2017, UDA mwaka 2022. Wapigakura walihama pamoja na vigogo, na swali la nani amiliki shamba halikuwa sababu ya kuhama hata mara moja.

Pingamizi zito zaidi ni historia ya usoshalisti wenyewe. Jirani zetu wa Tanzania walihamishiwa vijijini miaka ya 1970, wengi kwa nguvu, na kilimo kikaumia. Hilo lisifichwe. Lakini kosa lilikuwa kumwamulia mkulima badala ya kumsikiliza, na ndiyo maana neno kidemokrasia lina uzito hapa. Tena umiliki wa pamoja si mgeni kwetu: wakulima wadogo zaidi ya laki sita ndio wenye hisa katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo. Hata hivyo, mkulima wa Bomet hupata bonasi ndogo kuliko mwenzake wa Murang'a, na kila mwaka hudai maelezo. Hisa bila usimamizi wa wenye hisa ni karatasi tu.

Wengine watasema kura itapotea, na hawakosei kabisa. Chama cha KPU cha Oginga Odinga na Bildad Kaggia, kilichoanzishwa 1966, kilipigwa marufuku 1969. Chama cha Kikomunisti, kilichokuwa SDP hadi 2019, kiliingia muungano wa Kenya Kwanza kabla ya uchaguzi wa 2022, na wanachama wake wakagawanyika. Mimi nasoma hapo onyo kuhusu namna ya kujiunga, si sababu ya kukaa nje. Viongozi huuza chama pale wanachama wanapokuwa majina kwenye orodha. Wakihudhuria, wakilipa ada na kupiga kura za ndani, biashara hiyo huwa ngumu.

Kuhusu hofu ya kufutwa kazi, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 46, inakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya msimamo au chama chake cha siasa. Najua sheria na kambi ya wafanyakazi ni vitu viwili, hivyo ni salama zaidi wafanyakazi kujiunga wakiwa wengi kuliko mmoja mmoja.

Basi anayefikiria kuchukua kadi aanze kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, aangalie kwenye eCitizen kama jina lake halijaandikishwa kwingine bila idhini yake, kwa kuwa sheria hairuhusu mtu kuwa mwanachama wa vyama viwili. Aombe katiba ya chama aisome. Aulize fedha zinatoka wapi, wagombea huteuliwaje, na chama kinataka nini kuhusu mashine na mikataba ya ardhi. Kikishindwa kujibu hilo la mwisho, asijiunge nacho.