Sumu Tunazolala Nazo



Katika nyumba moja tunayoifahamu, mafuta ya taa yalikuwa yamewekwa ndani ya chupa ya soda, pembeni mwa mtungi wa maji. Mtoto wa miaka miwili alirudi kutoka kucheza akiwa na kiu. Siku ya Krismasi alikuwa amenyweshwa kitu kitamu kutoka katika chupa ya namna ile ile. Akaichukua, akanywa. Bibi yake alishtuka, akamtapisha kwa kumtia kidole kooni, kisha akamnywesha maziwa. Usiku ule mtoto alianza kuhema haraka haraka. Alilazwa kwa homa ya mapafu, na tunamshukuru Mungu alipona. Bibi alifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya, na ndicho kilichozidisha madhara.

Tumeanza na habari hii kwa sababu baadhi yenu mmetuuliza namna ya kuwa na nyumba yenye vitu vya asili, isiyo na kemikali nyingi. Swali ni zuri. Lakini wengi wanaouliza hivyo hufikiria kwanza kununua kitu: sabuni ya mitishamba, sufuria mpya, dawa ya miti badala ya ile ya dukani. Kwa maoni yetu kazi ya kwanza haihitaji fedha. Sumu zinazoumiza familia zetu hazikuingia ndani kwa siri. Tulizileta wenyewe kwa kazi halali, kisha tukaziweka katika chombo cha chakula au katika chumba cha kulala.

Turudi kwenye mafuta ya taa. Hatari yake kubwa haiko tumboni, iko mapafuni. Ni mepesi mno, na mtoto akipaliwa hata kidogo huteleza hadi ndani ya mapafu na kuyaunguza. Ukimtapisha, unayapitisha kooni mara ya pili. Kwa hiyo usimtapishe, wala usimlazimishe kunywa maziwa au mafuta ya kupikia. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, umpeleke hospitali mara moja ukiwa na ile chupa mkononi ili mganga ajue alichokunywa. Mpeleke hata kama anaonekana mzima, maana kikohozi na kuhema vyaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Ni kweli taa za sola zimeondoa vibatari katika nyumba nyingi, ila petroli ya pikipiki, maji ya betri na dawa ya kuzibulia choo navyo vinakaa katika chupa za maji ya kunywa. Mtoto hasomi, anatambua umbo la chupa tu.

Dawa za shambani ni jambo kubwa zaidi. Wengi wetu tunalima mahindi, kahawa, nyanya au viazi, na bila dawa mavuno ni ya shida. Hatusemi msizitumie. Tunasema mjue mlichonacho. Kwenye lebo, sehemu ya chini, kuna utepe wa rangi. Nyekundu ni sumu kali mno, inayofuata ni njano, kisha bluu, na mwisho kijani. Kijani si ruhusa ya kuigusa ovyo. Maana yake ni kwamba hatari yake ni ndogo ikitumika kama ilivyoandikwa. Dawa inayopimwa sokoni na kutiwa katika kichupa kisicho na lebo haina utepe wala maelezo, na muuzaji mwenyewe pengine hajui ni nini. Hiyo msiinunue hata kwa bei ya bure.

Halafu kuna kile chombo kitupu. Dumu la dawa likiisha linaonekana zuri, lina kifuniko kizuri, na akina mama wanaliona linafaa kwa mafuta ya kula, togwa au maji ya shambani. Halisafishiki. Plastiki imekwisha kuinywa dawa, na sabuni haiwezi kuitoa yote. Lisuuzeni mara tatu, maji yake myamimine ndani ya bomba la kunyunyizia yaende shambani, kisha mlitoboe chini ili asipatikane mtu wa kulitumia tena.

Sasa tufike chumbani, maana kwa wengi wetu mahindi yanalala pale pale tunapolala. Tangu dumuzi, yule ambaye wakulima walimbatiza jina la Skania, aingie nchini kupitia Tabora karibu na mwaka 1981, hakuna gunia lililo salama naye. Baadhi ya familia huweka katikati ya magunia vile vidonge vya kufukizia nafaka. Tafadhali sana! Vidonge hivyo vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo huua dumuzi, na huua mtu vilevile. Hupenya nyufa za ukuta na dari, na hospitali hazina dawa ya kuitangua. Kazi ya kufukiza ni ya ghala, na ya watu waliofundishwa. Mahali watu wanapolala, kidonge hata kimoja ni kingi.

Badala yake iko njia isiyo na sumu yoyote, nayo ni mfuko wa tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki ndani, na gunia nje. Ukiujaza mahindi makavu, ukautoa hewa na kuufunga barabara, wadudu waliomo humaliza hewa wakafa wenyewe. Pipa la bati lililozibwa vizuri hufanya kazi ile ile. Bei ya mfuko ni kubwa kuliko ya gunia la kawaida, lakini unatumika zaidi ya msimu mmoja usipotoboka.

Neno la kuangalia hapo ni makavu. Mahindi na karanga zenye unyevu huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumukuvu inayoharibu ini. Nchini Kenya mwaka 2004 waliugua watu 317, hasa upande wa Makueni na Kitui, wakafa 125. Hapa kwetu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kupika hakuiondoi. Kipimo chake ni rahisi: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, tikisa kwa dakika chache, uache itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, rudisha mahindi juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Punje zenye ukungu msiwape kuku wala msizipeleke kwenye pombe. Zitupeni.

Mtaona kwamba sumukuvu haikutoka kiwandani. Hapo ndipo tunapotofautiana kidogo na wanaosema kila cha asili ni salama. Mihogo michungu ni ya asili, na mwaka 1985 wilayani Tarime, wakati wa ukame, watu walipooza miguu kwa sababu mihogo haikuandaliwa kwa muda wake wa kawaida. Mwarobaini tunauheshimu sana, lakini mafuta yake yakinyweshwa mtoto mchanga yanaweza kumtia degedege na hata kumwua. Majivu ya kusugulia sufuria, limau la kuondolea madoa, chandarua badala ya kupuliza dawa kila jioni: haya ni ya asili na ni mema, nasi tunayatumia.

Juu ya moshi, Baba Mtakatifu Fransisko katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 alitaja wazi kwamba watu wanaugua kwa kuvuta moshi mwingi wa nishati za kupikia. Pikieni penye dirisha au tundu la juu, msimbebe mtoto mgongoni mkiinamia moto, na acheni ile desturi ya kuwashia mkaa kwa mfuko wa plastiki.

Ila mkaa wenyewe, hasa miezi ya Juni na Julai huku kwenye baridi, unatutia hofu kuliko moshi. Watu hungoja jiko likolee, moshi uishe, kisha huliingiza chumbani wakijua kwamba sasa ni salama. Si salama. Mkaa uliokolea hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huchukua nafasi ya hewa safi katika damu. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husikia kichefuchefu, akalala, asiamke. Familia nzima huweza kukutwa hivyo asubuhi. Blanketi la pili ni bora kuliko jiko. Mkimkuta mtu katika hali hiyo, fungueni mlango, mtoeni nje kwenye hewa, na mkimbilieni hospitali.

Na wale wanaosafisha vyoo, hata vya parokiani: jiki na dawa kali ya choo yenye asidi visichanganywe. Hutoa gesi ya klorini, na mtu akiivuta mapafu yake huungua.

Jumamosi moja, baba na mama wapige magoti, watembee ndani ya nyumba kwa kimo cha mtoto wa miaka miwili. Kila kinachofikiwa na mkono kutoka pale, na ambacho hamngependa akinywe, kipandisheni juu au mkifungie kwa kufuli, kikiwa katika chombo chake cha asili. Habari ya sabuni na krimu za kung'arisha ngozi, ambazo nyingine zina zebaki, ni ndefu. Tutaileta peke yake.