Ada Yako Inakwenda Wapi?

Leo tutazungumza juu ya hesabu ambayo chuo kikuu cha umma hutoa kwa watu wazima wanaosoma masomo ya jioni.

Masomo haya si jambo geni Tanzania. Mwaka 1960 Chuo cha Makerere kilifungua tawi Dar es Salaam. Mwaka 1975 Bunge lilifanya kazi ile kuwa ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, yenye kujitegemea.

Ada ikiingia katika chuo cha umma ni fedha ya umma. Si mali ya mkuu wa idara, wala ya karani. Nilipata kukutana na mama mmoja muuza vitambaa. Alimpa karani ada yake mkononi, akapewa kipande cha karatasi kisicho na muhuri. Siku ya mtihani jina lake halikuwamo katika orodha, na karani alikwisha hama.

Siku hizi malipo hupita katika mfumo wa Serikali ulioanza mwaka 2017. Unapewa namba ya malipo yenye tarakimu 12, unalipa benki au kwa simu, na risiti unabaki nayo. Mtu akikuambia, "Nipe mimi nikulipie," mshukuru, kisha ukalipe mwenyewe.

Sasa mtauliza, nani humwuliza Mkuu wa Chuo? Yuko Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kila mwaka hukagua hesabu, na taarifa yake humpa Rais. Katiba, ibara ya 143, yataka taarifa hiyo ifikishwe Bungeni katika kikao kinachofuata, kabla siku saba hazijapita tangu kikao kuanza. Isipofikishwa, Mkaguzi mwenyewe humpelekea Spika. Kwa hiyo hakuna mtu mmoja awezaye kuikalia.

Lakini fedha ni nusu ya habari tu. Nusu ya pili ni watu, na hapo ndipo mimi naona taarifa nyingi hukaa kimya. Tuseme watu 60 walianza darasa, na 22 wakamaliza. Chuo kikiandika, "Tuliandikisha watu 60," hakikusema uongo. Ila watu 38 wamepotea ndani ya sentensi hiyo. Walikwenda wapi? Labda ada ilipanda. Labda mwalimu alikosa kuja wiki tatu. Labda darasa lilikwisha saa nne usiku na basi la mwisho lilikwisha ondoka. Bila kujua, mwakani watapotea wengine vile vile, nao wamekwisha lipa.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia ruhusa ya kuuliza kwa maandishi, na ofisi ya umma yapasa kumjibu katika siku 30. Huhitaji wakili. Barua ya mistari mitano yatosha, na ninyi sasa mwajua kuandika.

Basi mwalimu, zima redio, gawa karatasi. Kila mmoja aandike barua kwa chuo kilicho karibu, aulize: mwaka jana, katika masomo ya jioni, watu wangapi walianza, na wangapi walimaliza? Tieni tarehe, mbaki na nakala. Juma lijalo tutasoma jinsi ya kusoma jibu. Kwa herini.