Jua libebe maji, wewe beba kuni

Ukipita kwenye dispensari ya kambi siku ya kwanza asubuhi, utakuta wanaume wamekaa kwenye benchi, mkono mmoja kiunoni, na wakiitwa wanasimama kidogo kidogo kama wazee. Ukimuuliza mmoja: "Ni jiwe ilikuangukia mu shimo?" anatikisa kichwa. "Hapana, baba. Ni kuni."

Jibu hili tumelisikia mara nyingi, na ndilo lililotupeleka porini. Sisi wa kambi tunajua kuogopa shimo: tunavaa kofia ngumu, tunaangalia paa ya mwamba kabla ya kupita. Lakini siku ya mapumziko tukikamata shoka, ile akili yote tunaiacha nyumbani. Na mgongo ni ule ule mmoja. Anayelipwa kwa siku, siku asiyoshuka haina falanga. Anayejichimbia mwenyewe, gunia asilolijaza halina bei. Mgongo ukivunjika porini, ni sufuria ya nyumbani inayolala njaa.

Basi siku moja ya posho, mwezi wa 8, tulifuatana na mzee mmoja wa Kipushi. Miaka mingi alitumika chini ya ardhi, kazi yake ikiwa kuweka miti ya kushikilia mwamba. Miti anaijua kwa kuisikia tu. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jua kukaza: mzee, bibi wa mtoto wake, vijana wawili wa jirani, na kinga mbili za kusukuma. Mtoto wake mwenyewe alitaka kuja pia. Alikuwa ametoka kazi ya usiku saa ile ile, macho mekundu. Mzee alimkatalia mlangoni: "We, enda kulala. Ulishabeba usiku muzima. Hauna na mwili mbili."

Tulitembea muda mrefu. Zamani kuni zilikuwa nyuma ya nyumba; leo pori karibu na miji yetu limekwisha kwa makala na mashamba, na mwenye kutaka kuni anakwenda mbali. Njia ikiwa ndefu, kila kilo unayoibeba bure inakuuma mara mbili.

Tulipofika, na ruhusa ya mkubwa wa kijiji tukiwa nayo, mmoja wa vijana alisimama mbele ya mti mzuri, mbichi, akanyanyua shoka. Mzee alimwambia: "Weka shoka chini, mutoto. Iko na haraka gani? Ile muti iko na maji. Unataka kubeba maji mpaka Kipushi?"

Hapa ndipo tulipoelewa siri yake. Mti mbichi, karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Mtu anayekata mbichi na kubeba mbichi siku ile ile, anajitwisha ndoo ambayo hataifungua, na akifika nyumbani moto wenyewe utamsumbua. Mzee hafanyi hivyo. Mwezi wa 6, mvua ikiisha kabisa, anakuja kukata na kupasua, anapanga vipande juu ya mawe visiguse udongo, anaacha. Mwezi wa 8 anarudi kuvichukua. "Ile maji, jua itabeba ya bure," alituambia. "Jua haina mugongo ya kuuma."

Na kuni zilizokauka utazijuaje? Alituonyesha. Kwenye ncha utaona nyufa. Ganda linatoka kwa kidole. Ukigonga vipande viwili, kikavu kinalia juu kama kengele ndogo, kibichi kinalia chini kama ngumi kwenye godoro. Kama hukupata nafasi ya kuja mwezi wa 6, anza na miti iliyoanguka yenyewe na matawi makavu. Lakini kabla ya kugusa mti mkavu uliosimama, angalia juu: tawi lililooza linaanguka bila kupiga hodi. Ujue pia njia utakayokimbilia, na watoto wakae mbali.

Halafu shoka. Shoka butu ni adui wa mgongo, kwa sababu pale chuma kinaposhindwa, mtu anaongeza nguvu ya kiuno. Mzee alipiga tupa kabla ya kuanza, akapiga tena katikati ya kazi. Akikutana na mubanga, ule mti mgumu tunaoujua wote, hapigani nao. Anautafutia msumeno wa watu wawili, na anawakumbusha vijana wasiusukume. Kila mmoja anavuta upande wake, anaachilia, mwenzake anavuta.

Tuliangalia namna anavyosimama. Miguu imeachana, magoti yamelegea kidogo. Mkono mmoja unateleza kwenye mpini shoka linaposhuka, na uzito wa shoka ndio unaokata. Kwa kupasua, anaweka kipande juu ya kisiki, asiiname mpaka chini, na kipande kinene anakianza pembeni, haendi moja kwa moja kwenye moyo wa mti. Baada ya muda anabadilisha upande. Baada ya muda tena anakaa, anakunywa maji. Vijana walikuwa wanamcheka kimoyomoyo. Saa nne wao walikuwa wamelala chini, yeye bado anapasua.

Tulimuuliza alijifunza wapi. Alinyamaza kidogo.

"Nilijifunza na mugongo yangu," alisema. "Nilikuwa kijana. Nilikataka mubanga mubichi, nikaifunga yote safari moja, juu sikutaka kurudia. Nikainama hivi, nikanyanyua, nikasikia kitu inapasuka mu kiuno. Niliikaa wiki tatu bila kushuka mu shimo. Bibi yangu njo alitukulisha, na kuuza ndizi mu barabara. Nilikuwa nabeba kuni ya siku mbili, nikapoteza chakula ya wiki tatu."

Kutoka siku ile ana sheria mbili za mzigo, na tunazipenda kwa sababu hazihitaji mizani.

Ya kwanza: mzigo ambao watu wawili wanahitajika kuunyanyua, mtu mmoja asiubebe. Ugawe. Kwenda mara mbili si aibu.

Ya pili: ukitembea na mzigo huku huwezi kuongea na mwenzako, mzigo umezidi. Weka chini, punguza.

Na kunyanyua kwenyewe, tufanye kama tulivyofundishwa kazini. Sogea karibu na mzigo, chuchumaa, ushike vizuri, usimame kwa nguvu ya mapaja, mzigo ukiwa karibu na tumbo. Ukitaka kugeuka, geuka na miguu. Usikizungushe kiuno huku umebeba. Kwenye kinga, vipande virefu viende chini, uzito uwe sawa pande zote mbili, kamba ikaze. Mtelemko ndio hatari: watu wawili, mmoja mbele kwenye usukani, mmoja nyuma akivuta kamba. Kinga iliyoshiba kuni haisikii breki.

Sasa tuseme neno kwa wababa. Katika nyumba nyingi kuni ni za mama na za wasichana. Bibi wa mtoto wa mzee alitwambia akicheka, lakini halikuwa neno la kucheka: "Mwaka jana nilikuwa na mimba ya miezi saba, na kuni nilikuwa nabeba kila wiki. Hakuna mutu aliniulizaka." Mama mwenye mimba, au aliyetoka kuzaa juzi, asibebe mzigo wa kuni. Mtoto abebe kipimo cha mtoto. Na mama akibeba kichwani, ngata iwe nene, mzigo uwe katikati, na kuwe na mtu wa kumtwisha na wa kumtua. Shingo inaweza kuumia wakati wa kutua peke yako.

Na kama umeshaumia? Maumivu ya kiuno ya kawaida, usilale kitandani wiki nzima. Pumzika kidogo, weka kitambaa cha maji ya moto, halafu anza kutembea polepole ndani ya kiwanja. Mwili unapona ukitembea. Acha mizigo kwanza. Lakini mguu ukiwa na ganzi au ukikosa nguvu, ukishindwa kuzuia mkojo au haja, au ukiona uvimbe unaouma kwenye kinena, usingoje siku ya kwanza. Enda hospitali siku ile ile.

Tulirudi saa nane. Njiani tulipishana na kijana mmoja anasukuma kinga yenye mlima wa kuni mbichi, jasho linamtiririka mpaka kwenye kandambili. Akiangalia mizigo yetu midogo, alitabasamu. Mzee alimsalimia kwa heshima, hakusema kitu.

Jioni, kwenye kiwanja, bibi wa mtoto wake aliwasha moto. Kiberiti kimoja. Hakuna moshi, hakuna kupuliza, hakuna machozi, kwa sababu moto haukuwa na maji ya kuchemsha ndani ya kuni kabla ya kuchemsha maji ya sufuria. Kwa vipande vichache tu bukari iliiva na sombe ikaiva. Mwenye kuni mbichi angetia nyingi kuliko zile. Mzigo wetu mdogo ulikuwa mkubwa kuliko ule mlima wa njiani.

Yule mtoto wa kazi ya usiku aliamka, akaoga, akala, akavaa buti zake. Saa ya kushuka ilipofika alisimama wima.

Mvua za mwezi wa 11 haziko mbali. Zilizokatwa zikauke sasa, zipangwe juu ya mawe, zifunikwe. Na anayesoma hapa huku mkono wake uko kiunoni, leo amwachie mwingine shoka.