Ziara za wanafunzi: mbona twaipita Thimlich Ohinga?

Kila msimu wa ziara za masomo unapowadia, mabasi ya shule huondoka hapa Isebania kabla ya majogoo kuwika. Wanafunzi huwa wamevaa sare zilizopigwa pasi, mifuko yao imejaa mandazi na mayai ya kuchemsha, na nyuso zao zina furaha ambayo sisi walimu hatuioni darasani hata siku ya kufunga shule. Ukiwauliza waendako watakujibu Mombasa, au Nairobi, au Nakuru kuwatazama ndege wa ziwani. Mabasi hushika barabara kuu ya Migori, huupita mji huo bila kusimama ila kwa haja ndogo, kisha hupanda Kisii na kwenda zake. Ni nadra kumwona abiria, awe mwalimu au mwanafunzi, akigeuza shingo kutazama upande wa kushoto, ambako umbali wa kilomita 46 hivi kutoka mjini Migori pana mahali ambapo UNESCO, katika mkutano uliofanyika Bahrain mwaka 2018, ilipaorodhesha kuwa urithi wa dunia nzima.

Mahali hapo ni Thimlich Ohinga. Jina lenyewe ni la Kiluo: thimlich ni msitu mnene wa kutisha, na ohinga ni boma au ngome. Ni kundi la maboma makubwa ya mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikanisha, na wataalamu wanakadiria kwamba yalianza kujengwa katika karne ya 16. Yapo manne yanayojulikana sana: Kochieng, ambalo ndilo kubwa, na Kakuku, Koketch na Kakoluoch. Serikali ya Kenya iliyatambua rasmi kuwa kumbukumbu ya taifa mapema katika miaka ya 1980, na sasa yako chini ya Makavazi ya Kitaifa. Mwanafunzi wa Isebania anaweza kwenda kuyatazama asubuhi na kurudi nyumbani kabla ya magharibi. Lakini haendi, kwa sababu hapelekwi.

Simlaumu mtu kwa kuipenda Mombasa. Hata mimi naipenda. Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596 na kunyang'anywa na Waarabu wa Oman mwaka 1698 baada ya kuzingirwa kwa muda mrefu, ni kitabu kizima cha historia kilichoandikwa kwa mawe ya matumbawe. Gede, mji wa kale wa Waswahili ulioachwa ukamezwa na msitu karibu na Malindi, nao uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, na Lamu ilikwisha kuingia tangu 2001. Mtoto wa Kenya anastahili kuyaona haya yote. Lakini kutoka mpakani hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, na nauli ya safari hiyo humlazimu mzazi kuuza mahindi ambayo hayajakauka vizuri. Asiyekuwa na mahindi ya kuuza, mwanawe hubaki nyumbani akiwapungia mkono wenzake. Katika darasa la wanafunzi hamsini, wanaopanda basi mara nyingi hawafiki ishirini.

Hao ishirini nao, wanaona nini? Mwaka mmoja niliandamana na wanafunzi wa shule moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa safarini usiku kucha na nusu ya mchana. Tulipofika ngomeni ilikuwa saa tisa alasiri, na dereva akatuambia tuwe tumetoka saa kumi. Kiongozi wa wageni alikuwa kijana hodari, mwenye sauti ya kupendeza, ila alikuwa na makundi mengine matatu yakimsubiri langoni. Akatutembeza mbiombio: huu mzinga, hiki kisima, haya mabaki ya jahazi, piga picha, twende. Wanafunzi waliandika tarehe madaftarini kama watu wanaonakili bei za sokoni. Tuliporudi niliwauliza kwa nini kuta za ngome ile zina pembe zilizochomoza nje. Hakuna aliyejua, na sidhani kosa lilikuwa lao. Walikuwa wameona ngome bila kupewa nafasi ya kujiuliza swali juu yake.

Ziara ya kuongozwa ni sanaa, na wenzetu wa mbali wametutangulia katika sanaa hiyo. Tazama Borobudur katika kisiwa cha Java, nchini Indonesia, hekalu la Kibudha lililojengwa kati ya karne ya 8 na ya 9. Lina umbo la kilima chenye ngazi, na kuta zake zimechongwa picha zaidi ya 2,600. Mtu hapaswi kupanda moja kwa moja hadi kileleni. Waumini huanzia upande wa mashariki, wakazunguka kila ngazi huku jengo liko mkono wao wa kulia, wakizisoma picha hizo kwa mfuatano wake hadi wafike juu, kwenye vikuba 72 vyenye umbo la kengele. Mwendo wenyewe ndio mafunzo, na anayeingia kwa njia ya mkato amepoteza hadithi. Katika miaka ya karibuni wakuu wa mahali hapo wameweka kikomo cha watu wanaopanda kwa siku, wakawataka wavae viatu maalum visivyokwaruza mawe na waandamane na kiongozi. (Msomaji asidhani Ubudha ni jambo la mbali mno kwetu. Upanga, jijini Dar es Salaam, lipo hekalu lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20.)

Sasa linganisha na Thimlich Ohinga. Pale pia mahali penyewe huamuru mwendo. Mlango wa boma ni mfupi na mwembamba, umefunikwa juu kwa mawe marefu yaliyolazwa, hivi kwamba mtu mzima hana budi kuinama ili aingie. Mwambie mwanafunzi asimame upande wa ndani, kisha mwenzake aingie kutoka nje. Atang'amua papo hapo, pasi na kuambiwa, kwamba adui aliyeingia hapo aliingiza kichwa kwanza, bila nafasi ya kuinua mkuki. Karibu na mlango pana mahali palipoinuka ambapo mlinzi aliweza kusimama na kutazama mbali. Mwanafunzi aliyeinama katika mlango ule hahitaji kukariri kwamba boma lilikuwa la kujihami. Mgongo wake umekwisha kumwambia.

Kisha atazame ukuta. Una unene wa wastani wa mita moja, na kimo chake ni kuanzia mita moja na nusu hadi zaidi ya mita nne. Mawe ya ukubwa mbalimbali yamepangwa kwa uangalifu upande wa nje na upande wa ndani, na katikati pamejazwa mawe madogo madogo. Ukuta hauendi sambamba kama wa shule zetu, bali umejipinda kama nyoka, na mahali pengine umeegemezwa kwa mawe ya kuukingia. Mwalimu wa fizikia angeweza kufundisha hapo kipindi kizima juu ya uzito na uthabiti. Mwalimu wa hisabati naye angewaambia wanafunzi wakadirie idadi ya mawe katika mita moja ya ukuta, kisha siku ambazo watu kumi wangehitaji kuyabeba. Ndani ya boma kuna nyua za mifugo, alama za nyumba zilizokuwapo, mawe ya kusagia nafaka, na mashimo ya bao yaliyochimbwa mwambani, mchezo ambao Waluo huuita ajua. Nje ya Kochieng kuna mahali palipofuliwa chuma. Basi watu hawa walilima, walifuga, walifua, walihofia adui, na jioni walicheza bao. Ni nani aliyesema kwamba historia ya bara haikuwa na miji?

Lakini swali ambalo mimi naliona zito kuliko yote ni lile ambalo wanafunzi huuliza kwanza wakipewa nafasi: nani alijenga?

Jawabu halina wepesi wa kuandikwa ubaoni kwa neno moja. Kuta zilianza kabla Waluo hawajaenea katika sehemu zile, na wataalamu wengi wanawataja watu waliosema lugha za Kibantu kuwa miongoni mwa wakazi wa mwanzo. Baadaye wakaja wengine, wakaondoka, wakaja wengine tena, Waluo wakiwamo. Kila waliofika waliyakuta mawe, wakayainua yaliyoanguka, wakaongeza ukuta hapa na kuziba mlango pale. Desturi hiyo ya kuishi ndani ya maboma iliendelea katika bonde la Ziwa Viktoria hadi katikati ya karne ya 20, ingawa katika sehemu nyingi mawe yalikuwa yameachia nafasi kwa mitaro ya udongo na nyua za miti ya euforbia. UNESCO ilipopatambua mahali hapo ilizingatia jambo hilo hasa: watu wa asili na lugha mbalimbali waliofuatana katika boma lile lile, wakilirekebisha badala ya kulibomoa.

Walimu wenzangu mnaofundisha hapa mpakani mnajua kwa nini natilia mkazo jambo hili. Isebania ni mji ambao mtu akivuka barabara bila kujihadhari hujikuta Sirari, nchini Tanzania. Mstari unaotugawa, unaotoka pwani na kufika ziwani, msingi wake uliwekwa mwaka 1886 katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani, ambao hawakumwuliza Mkuria yeyote ng'ombe wake hulisha wapi. Kuria wamegawanyika pande mbili hadi leo. Upande wetu huu tunaishi Wakuria, Waluo, Wakisii, Wasuba, Wasomali na wengineo, na katika wakati wa uchaguzi au wizi wa mifugo swali "wewe ni wa wapi?" huacha kuwa maamkizi. Watoto wetu hulisikia swali hilo nyumbani kabla ya kulisikia darasani. Tukiwapeleka mbele ya ukuta ambao hakuna kabila moja linaloweza kudai kila jiwe lake, tutakuwa tumewapa kitu cha kufikiria ambacho hotuba zetu za mwaka mzima hazijaweza kuwapa.

Si kwamba swali la nani alijenga halina hatari zake. Huko Zimbabwe Kuu, ambako kuta za mawe makavu ni kubwa kuliko hizi zetu, watawala wa kikoloni walishikilia kwamba Waafrika hawangeweza kujenga vitu kama vile. Wakawataja Wafoinike, wakamtaja Malkia wa Sheba. David Randall-MacIver alichimba mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, na wote wawili wakathibitisha kwamba ni kazi ya Waafrika, lakini uongo ule uliendelea kusimuliwa kwa miaka mingi kwa sababu uliwafaa wasimulizi. Mwaka 1980 nchi huru ikajiita kwa jina la mawe yale. Kwetu hatari ni ya namna nyingine. Hakuna mgeni anayetunyang'anya Thimlich Ohinga. Tunaweza kunyang'anyana wenyewe kwa wenyewe, huyu akisema ni letu, yule akisema lilikuwa letu kwanza, hadi watoto wasijue tena kwamba lilikuwa la wengi. Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi huko ajitayarishe kwa ubishi huo, na asiuzime.

Wapo watakaoniambia kwamba pale ni mawe matupu, hakuna bahari, hakuna hoteli wala duka la kununulia zawadi. Ni kweli. Wengine watasema barabara haipendezi, na mvua ikinyesha basi litakwama. Hilo nalo lina ukweli, na ndiyo sababu ya kuchagua miezi ya kiangazi. Lakini tusijidanganye kwamba mahali pasipo na wageni pataendelea kutunzwa kwa hisani tu. Mizizi hupenya ukutani, ng'ombe na watu huangusha mawe, na kuta zisizo na saruji zikianza kumomonyoka huomba mikono inayojua namna ya kuzipanga upya. Hali yake ilitia wasiwasi kiasi cha kuingizwa mwaka 2000 katika orodha ya shirika la World Monuments Fund ya kumbukumbu zilizomo hatarini. Kazi ya kuzirekebisha imefanyika tangu hapo, na wazee wa vijiji vya jirani wana sehemu kubwa katika ulinzi wa mahali hapo. Mtoto aliyeinama katika mlango ule leo ndiye atakayepiga kelele kesho, akiwa diwani au mhandisi, mtu akitaka kuyachukua mawe yale kujengea zizi.

Kwa shule itakayokubali, napendekeza haya. Msiende na madarasa manne kwa siku moja. Darasa moja latosha, na wote waende, kwa maana mafuta ya basi hadi huko hayalingani hata kidogo na yale ya kwenda pwani. Ondokeni mapema, bebeni maji ya kutosha, kwani jua la upande ule wa ziwa halina huruma. Kiongozi wa mahali hapo aombwe azungumze kidogo mwanzoni na mengi mwishoni, ili katikati wanafunzi wazunguke wawili wawili na daftari, kila jozi na ukuta wake. Asipande mtu juu ya mawe, hata kwa ajili ya picha. Na juma moja kabla ya safari, kila mwanafunzi akamwulize babu au bibi yake, kwa Kikuria, kwa Kiluo au kwa lugha yoyote isemwayo kwao, watu wa zamani waliuzungushia nini mji wao usiku ulipoingia, na nani aliyekuwa akifunga mlango.