Marahaba ya mzee wa Sanje

Kabla ya kumwuliza mgonjwa wa kiharusi chochote, muuguzi mmoja mstaafu huinama sikioni pake na kusema, "Shikamoo, babu." Kisha hungoja. Hungoja mpaka wewe uliyesimama kando uanze kuona aibu.

Tulikuwa Sanje, chini ya milima ya Udzungwa, kwenye nyumba ya mzee aliyerudishwa kutoka hospitali. Macho wazi, mkono wa kulia umelegea. Ndugu walishaanza kumzungumzia kana kwamba hayupo. Kimya kikakaa. Halafu, kwa sauti ya mchanga: "Marahaba."

Kipimo cha fahamu kilichoenea mawodini kilitungwa Glasgow mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, na leo hutoa hadi alama 4 kwa macho, 5 kwa maneno, 6 kwa mwendo. Alama zote za maneno humwendea anayejua yeye ni nani, yuko wapi, mwezi gani. Muuguzi hakidharau, amekitumia miaka mingi. Kinachomkera ni sikio la anayepima. Mzee anajibu kwa Kindamba, aliye zamu hakijui, anaandika kwamba mgonjwa anatoa sauti tu. Mkulima hajui tarehe, lakini anajua mpunga wake umefikia wapi. Nani atamwuliza hilo?

Fahamu huweza kuzimika kiharusi kikipiga shina la ubongo, au uvimbe ukilikandamiza, au pande zote mbili zikiumia. Upande wa kushoto peke yake ukiumia, mara nyingi kinachoondoka ni lugha. Mwenyewe amebaki ndani, anasikia mnavyogawana mashamba yake. Hata shina likipigwa, mtu huweza kubaki ndani: mwaka 1995 kiharusi cha shina la ubongo kilimfunga Mfaransa Jean-Dominique Bauby mwili mzima, akabakiwa na kope la kushoto, na kwa kope hilo akatunga kitabu.

Na marahaba je? Hapo muuguzi anapunguza sauti. Salamu, sala, kuhesabu moja hadi kumi, hivi huweza kusalia hata maneno mengine yakipotea, kwa kuwa ulimi umevizoea tangu utotoni. Kwa hiyo hathubutu kuwaambia wanawe kwamba baba yao amewatambua. Wala hathubutu kuwaambia hakuwatambua.

Alimwomba mzee afumbe macho mara mbili. Alifumba mara moja, akachelewa kufumbua.

Jioni mjukuu alirudi kutoka shule, akaweka mkoba, akamwamkia babu yake. Tulingoja sote.