Mto ulioharibiwa na shaba: samaki wamerudi, kazi bado

Msomaji wa Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi hana haja ya kufasiriwa namna maji yanayotoka usini yanavyofanana. Leo tunamupeleka mbali, ku Marekani, mu jimbo la Montana, kwa sababu kule nako watu walichimba shaba, wakaua mto, kiisha miaka karibu mia moja ikapita mbele ya kuanza kuusafisha. Habari yenyewe tutaifuata kwa njia ya samaki mmoja, truite, na ya watu wanaomuvua kwa manyoya ya kuku.

Truite si tilapia. Anataka maji ya baridi, yanayokimbia juu ya mawe, yenye hewa mingi ndani. Maji yakipata moto ao yakichafuka, yeye njo wa kwanza kufa. Kwa hiyo pale truite wa asili anaishi, anakula na kuzaa bila kulishwa na mtu, maji iko mazuri.

Mto tunaousema ni Clark Fork. Chanzo chake kiko upande wa Butte, mji wa mugodi ulio juu ya milima, ambako kuanzia miaka ya 1880 Marcus Daly na kampani yake ya Anaconda walitoa shaba mingi sana wakati dunia ilikuwa inatafuta nyuzi za umeme. Watu walitoka Irlande, Finlande, Uingereza na nchi za Waslavi kuja kushuka mu mashimo ya Butte. Tarehe 8/6/1917 moto uliwaka mu mugodi wa Speculator, wachimbaji 168 wakafa. Mu Marekani hakujatokea musiba mwingine mukubwa hivi mu mugodi wa mawe magumu.

Mawe yaliyeyushiwa Anaconda, karibu na pale, na bomba la moshi la usini ile lingali linasimama paka leo, urefu wake metre 178. Takataka zote za kazi, ule mchanga ambao kwetu tunaita rejet, zilitupwa kando ya maji ao ndani ya maji yenyewe. Mu mwezi wa 6 wa 1908 mvua na theluji iliyoyeyuka vilileta mafuriko makubwa. Mchanga wenye shaba, arsenic, zinki na plomb ulisukumwa kilometa karibu 190, paka ku baraji mupya ya Milltown, karibu na mji wa Missoula. Baraji ile ilikuwa imemalizika mwaka ule ule. Ikafanya kazi ambayo hakuna mtu aliyeiomba: ikashika sumu yote nyuma yake.

Sumu ikakaa. Mwaka 1981, miaka 73 kiisha mafuriko, arsenic ikapatikana mu visima vya maji ya kunywa ya watu wa Milltown. Watu ambao hawakuchimba hata jiwe moja la shaba wakaambiwa wasinywe maji ya nyumbani kwao.

Kando ya mto, huku juu, mchanga ule ulibaki juu ya nchi sawa vidonda vikavu, pasipo nyasi. Siku za jua, chumvi ya shaba ilikuwa inapanda juu na kugeuka rangi ya kijani na bluu. Mchimbaji wa kwetu angeona rangi ile, angekimbia kuchukua beche. Kule ilikuwa alama ya kifo: radi ikipiga na mvua ya ghafula ikinyesha mwezi wa 7, chumvi yote iliingia mtoni mara moja, na kesho yake truite walielea tumbo juu. Ilifanyika mara kadhaa mu miaka ya 1980. Shaba kidogo sana, isiyoonekana kwa macho, inatosha kumuziba samaki pale anapopumulia.

Sasa tuingie ku namna ya kuvua, kwa sababu ndani ya namna hii njo mtu anafahamu mto.

Mvuvi wa Montana hatumii munyoo wala wavu. Anafunga uzi, manyoya ya shingo ya jogoo na nywele za mnyama ku ndoano ndogo, paka ifanane na mdudu. Kitu kile hakina uzito. Huwezi kukitupa sawa jiwe. Uzito uko mu kamba. Mtu anasimama ndani ya maji, anarusha kamba nyuma, anaiacha inyooke hewani, kiisha anairudisha mbele, na mdudu wa uongo anashuka polepole juu ya maji. Ukifanya haraka, kamba inakupiga ku masikio. Ukidanganya mubaya, truite anakuja, anaangalia, anarudi chini. Ni samaki wa mashaka.

Kwa hiyo mvuvi lazima ajue mdudu gani anatoka mwezi gani. Mwezi wa 3, theluji ingali juu ya milima, mdudu mmoja wa rangi ya majani makavu anatambaa toka ndani ya maji kupanda ku mawe. Wanamuita skwala. Truite aliyeshinda baridi yote na njaa anapanda kumukamata, na wavuvi wa Missoula wanatoka na makoti mazito na vidole vimekufa kwa baridi.

Mwezi wa 5 na wa 6 theluji inayeyuka. Mto unajaa, unakuwa rangi ya udongo, unabeba miti mizima. Kwetu mito inajaa kwa mvua ya mwezi wa 2 na wa 3; kule inajaa kwa jua. Wavuvi wengi wanakaa nyumbani, wanafunga ndoano. Lakini ku Rock Creek, mto mdogo unaoingia mu Clark Fork, wakati huo njo anatoka mdudu mkubwa, mrefu sawa kidole, anaitwa salmonfly. Huyu anaishi chini ya mawe, ndani ya maji, miaka 3 ao 4 mbele ya kupata mabawa. Tunaomba msomaji ashike jambo hili. Mganga wa maji anaweza kuja leo na chupa yake, akapima maji ya leo. Mdudu huyu anapima miaka mitatu. Kama sumu ilipita usiku mmoja tu mwaka juzi, yeye hatatoka.

Mwezi wa 8 panzi wanaruka toka mu nyasi, upepo unawaangusha mtoni, na truite anawakula sawa vile samaki wetu wanakula inswa mvua ya kwanza ikinyesha. Ni wakati mutamu wa kuvua, na ni wakati wa hatari pia. Maji yakifika karibu digri 23 siku tatu zinazofuatana, serikali ya jimbo inafunga kuvua toka 14h00 paka 24h00. Samaki aliyechoka na joto, ukimuvuta ku kamba, hata ukimuacha anaweza kufa.

Ukimuacha, ndiyo. Wengi kule wanamuvua truite, wanamuangalia, kiisha wanamurudisha majini. Tunajua mama wa nyumbani angetuuliza nini tukirudi na mikono mitupu na bukari iko tayari. Lakini kuna sababu. Zamani jimbo la Montana lilikuwa linamwaga mtoni samaki waliolelewa mu mabasini. Mtaalamu mmoja, Dick Vincent, alihesabu samaki wa mto Madison akaona kwamba wale wa kufugwa wanawasumbua wa asili na kuwapunguza. Toka 1974 jimbo likaacha kumwaga samaki mu mito yenye truite wa asili. Anayeuawa leo, hakuna kamio itakayoleta mwingine.

Mwezi wa 10, majani ya miti pembeni yanakuwa ya njano, truite wa rangi ya kahawia anapanda kutafuta changarawe safi ya kutagia mayai. Mvuvi mwenye akili anaangalia mahali anapokanyaga. Kiisha inakuja barafu.

Turudi ku baraji. Sheria ya Marekani ya mwaka 1980 inasema aliyenunua kampani amenunua na uchafu wake. Kampani ya mafuta ARCO ilikuwa imenunua Anaconda mwaka 1977. Mwaka 1980 usini ikafungwa, mwaka 1982 kazi ya shimo kubwa la Butte ikasimama. Wafanyakazi walibaki bila kazi, lakini deni la mto lilibaki na mwenyewe. Mabishano yalichukua miaka mingi, malipo yakafika mamia ya milioni za dola. Tarehe 28/3/2008 baraji ya Milltown ikafunguliwa, na maji ya Clark Fork yakapita bila kizuizi, kwa mara ya kwanza toka 1908. Wasalish, wenyeji wa inchi ile, wanapaita mahali pale kwa jina la truite mkubwa wa zamani. Samaki wale sasa wanaweza kupanda tena.

Sumu yenyewe ilienda wapi? Hapa njo habari inatusumbua. Zaidi ya metre cube milioni moja na nusu za mchanga zilipakiwa mu treni, zikarudishwa juu, karibu na kijiji kinachoitwa Opportunity, jina linalomaanisha nafasi nzuri. Kijiji kile kampani ilikiweka zamani kwa familia za wafanyakazi wa usini ya Anaconda. Missoula wakapata mto safi na mahali pa kutembea; wazee wa usini wakapata mchanga, juu ya ule uliokuwa tayari kwao. Wataalamu walisema ndipo mahali panapofaa, kwa kuwa rejet za zamani zilikuwa pale. Watu wa Opportunity hawakufurahi, na sisi tunaona walikuwa na haki ya kuuliza.

Ku Silver Bow Creek, mto mdogo wa Butte uliokaa karibu miaka mia bila samaki hata mmoja, truite wameonekana tena kiisha udongo wa pembeni kutolewa. Upande wa Deer Lodge mashine zingali zinachimba kingo za kijani, kipande kwa kipande. Na miaka hii ya karibuni hesabu ya truite wa kahawia mu sehemu ya juu ya Clark Fork imeshuka vibaya. Wataalamu wanapima joto, maji kidogo, magonjwa na shaba ya zamani. Wavuvi wanarudi kila mwezi wa 3, wanageuza mawe, wanaangalia kama wadudu wapo.