Televisheni Kuukuu Yenye Kelele: Kabla ya Kumlaumu Fundi

Ndugu msomaji, wengi wetu wa mwambao tuna jamaa waliohamia miji ya Mlima Kenya kwa kazi au biashara: Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru. Baadhi ya nyumba zao zingali na televisheni za kisogo, zilizosalimika kwa msaada wa king'amuzi baada ya matangazo ya analogia kuzimwa nchini mwaka 2015. Chombo kikongwe hakikosi kelele, na kelele hizo huzua ugomvi baina ya watu ambao kila mmoja wao anasema kweli.

Ugomvi wa kwanza ni wa mteja na fundi. Asubuhi ya Julai, ukungu umetanda, televisheni huwashwa ikatatarika na kutoa harufu kali. Fundi aitwapo hufika adhuhuri, jua limekwisha kupasha chumba, akaiwasha asisikie lolote. Huondoka akimdhania mteja ana wasiwasi. Mteja naye hubaki akimdhania fundi ni tapeli.

Ukweli umo ndani ya kisogo. Kioo cha televisheni ya rangi huhitaji umeme wa volti 20,000 na zaidi, upitao katika waya mnene wenye kofia ya mpira. Vumbi na masizi ya jiko vikichanganyika na unyevu wa baridi, umeme hupata njia ya kuvujia. Isitoshe, Nyeri imeinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na katika hewa nyepesi cheche huruka kwa wepesi zaidi. Unyevu ukikauka, kelele hukoma na ushahidi hutoweka. Kwa hiyo mteja ataje saa na hali ya hewa, asiseme tu kwamba imeharibika. Fundi naye aje asubuhi, atie chumba giza, atafute mwanga wa samawati unapovujia.

Ugomvi wa pili ni wa mtoto na babu. Mtoto husema televisheni inapiga mluzi. Babu huapa kuwa hakuna mluzi. Picha hizo huchorwa kwa mistari 625, mara 25 kila sekunde, na hapo hupatikana mitetemo 15,625 kwa sekunde. Masikio machanga huisikia sauti nyembamba kiasi hicho. Masikio ya uzeeni aghalabu hayaisikii. Asikaripiwe mtoto kwa uwongo. Mluzi uliokuwapo siku zote ni tabia ya chombo. Ukizidi ghafla, aitwe fundi.

Kelele ya tatu ni mngurumo mzito usiokoma. Huu mwenye nyumba aweza kuupima mwenyewe. Apunguze sauti ya televisheni hadi mwisho. Mngurumo ukitoweka, yaelekea chanzo ni king'amuzi au nyaya zake. Azikaze au ajaribu nyingine. Ukibaki vilevile, shaka iangukie ndani ya televisheni, na mara nyingi kapasita zilizochakaa ndizo zenye kosa. Hiyo ni kazi ya fundi.

Ama kufungua kisogo, hilo asilithubutu asiye na ujuzi. Kioo huweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, nao humrusha mtu au kumdhuru vibaya. Ikitatarika, izimwe, plagi ichomolewe, watoto wawekwe mbali. Fundi huuondoa kwanza umeme uliobaki, ndipo akasafisha na kukausha kofia ya mpira na mahali inapokaa. Kama kifaa kizalishacho umeme huo mkali kimepasuka, budi kibadilishwe. Gharama ikizidi thamani ya chombo, fundi mwaminifu atasema hivyo kabla ya kushika bisibisi.

Umfikirie mema mwenzako kwanza, kisha mwulize alisikia nini, na saa ngapi. Wabillahi tawfiq.